Shafti ya Mashine ya Kusaga Ikitoka Senta: Inapimwaje, Inachongwaje

Beringi mpya ikifungwa Jumatatu na kufikia Ijumaa ikaanza kulia, wa kwanza kulaumiwa ni muuza duka. "Kaniuzia feki." Feki zipo, hilo hatubishi. Lakini zikifa tatu mfululizo, zote upande uleule wa shafti, hela ya beringi ya nne afadhali iende kwa mchonga vyuma. Hapo ugonjwa uko kwenye shafti: mahali inapokaa beringi hapako kati kwa kati na mahali yanapokaa madiski ya nyundo (sahani zinazoshika nyundo za kusagia), au puli, gurudumu la mkanda, haiko kati kwa kati na vyote viwili.

Na msimu wenyewe ndio huu. Mahindi yameshavunwa, mashine za Urambo, Kaliua na Sikonge zinasaga kutwa, upande wa Kasulu na Kibondo kuna muhogo mkavu juu ya mahindi, na shafti zimeanza kuteremshwa kwenye mabasi zikiletwa mjini Tabora kuchongwa. Tunayoandika hapa ni ya fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma, hata kama ni kuukuu, na geji ya saa: ile yenye mshale na kisimamio cha sumaku, kila alama milimita 0.01. Asiyekuwa nayo aitafute kabla ya kununua kisu kingine cha kuchongea.

Kuna hesabu moja ya kukaa nayo kichwani. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kitu kilichotoka senta kwa milimita 0.1 kinavuta kwa nguvu sawa na uzito wake chenyewe. Milimita 0.1 ni unene wa karatasi ya A4 ya gramu 80. Kwa hiyo shafti na madiski yake vikiwa na kilo 20, beringi zinabeba kilo 20 za kawaida na kilo 20 nyingine zinazovuta upande mmoja, na upande huo unazunguka mara 50 kila sekunde. Ikitoka kwa 0.2, ni kilo 40. Spidi ikiongezwa mara mbili, mvuto unakuwa mara nne, ndiyo maana mtu akibadilisha puli aweke ndogo "mashine ichangamke", kosa lililokuwa limelala miaka miwili linaamka siku hiyohiyo.

Sasa geji. Ukizungusha shafti na mshale ukatembea kutoka 0 hadi 0.20, shafti haikutoka senta kwa 0.20. Imetoka kwa 0.10. Geji inaonyesha upande uliosogea mbele na upande uliorudi nyuma kwa pamoja, kwa hiyo kila mara gawa kwa mbili. Fundi anayesahau kugawa anasogeza kazi kupita kiasi, inatoka senta upande wa pili, anarudisha, inatoka tena. Nusu saa inaisha na mshale uko palepale. Jambo jingine dogo: ncha ya geji iguse shafti kwa kusimama wima juu ya uso wake, ikielekea katikati ya shafti. Ikilala, namba inazosema si za kweli, na usipojua imelala kiasi gani huwezi kuzirekebisha kichwani.

Kabla ya kuchonga, jua kosa linakaa wapi. Makosa ni ya aina tatu, na dawa zake hazifanani. Shafti inaweza kuwa imepinda. Inaweza kuwa imenyooka lakini hatua yake moja, yaani sehemu yenye kipenyo chake peke yake, imechongwa nje ya senta. Au imekuwa yai, yaani kipenyo chake hakilingani pande zote. Ilaze juu ya vibao viwili vya V, uvikalishe mahali pasipolika, si pale beringi ilipokuwa inazunguka kavu, maana kibao cha V kikikaa kwenye sehemu iliyolika kila namba utakayosoma ni uongo. Kisha pima sehemu tano au sita toka mwanzo hadi mwisho, na kila sehemu weka alama ya kalamu ya wino pale mshale unapofika juu kabisa.

Alama zote zikijipanga mstari mmoja, na namba zikakua taratibu kuelekea katikati na kupungua tena, shafti imepinda. Namba zikiruka ghafla pale kipenyo kinapobadilika, hatua hiyo ilichongwa nje ya senta. Mara nyingi utakuta ndiyo iliyowahi kuchomelewa. Mshale ukipanda mara mbili katika mzunguko mmoja, hilo ni yai. Anayeruka hatua hii huishia kuchonga shafti iliyopinda: inatoka mashineni inang'aa, imenyooka pale ilipopitiwa na kisu, na kwingine kote imepinda vilevile.

Iliyopinda inanyooshwa kwenye presi, alama ya wino ikiwa juu, vyuma vya kuegemea vikiwa na vipande vya shaba au mbao ngumu kati yake na shafti. Geji ikisema 0.60, upindo ni 0.30. Sukuma, achia, pima. Chuma kinarudi nyuma kama fimbo, kwa hiyo lazima ukipitishe kidogo ndipo kikae, na kiasi cha kukipitisha hakisemwi kwenye jedwali lolote. Unaongeza kidogo kidogo. Ikifika usomaji wa 0.10 na bado una nyama ya kuchonga, acha hapo. Kupiga nyundo juu ya reli kunanyoosha pia, hatukatai, ila kunaacha mabonde ambayo baadaye utayakuta chini ya beringi.

Tukija kwenye mashine yenyewe, kanuni iliyo mama wa zote ni hii: vitu viwili vinavyotakiwa kuwa kati kwa kati vichongwe bila kazi kufunguliwa. Kosa halizaliwi kisu kikiwa kinakata. Linazaliwa pale unapofungua chaki, ukageuza shafti, ukafunga tena. (Chaki hapa ni ile ya mashine yenye mataya, ya ubaoni tumewaachia walimu.) Chaki ya mataya matatu, hata ikiwa nzuri, ukishika kazi upya hutoa kosa la kusomeka 0.05 hadi 0.10. Iliyozeeka ni zaidi. Unyoya mmoja wa chuma ukibaki nyuma ya taya, umeongeza lako bila kujua. Ndiyo maana fundi anachonga kiti cha beringi upande wa kushoto, anageuza, anachonga cha kulia, vyote vinatoka na vipimo sahihi vya maikromita, na bado mashine inatetemeka: kila kiti ni duara safi, ila maduara mawili hayana katikati moja.

Kwa shafti yenye beringi pande zote mbili, njia inayoaminika ni kuichonga katikati ya senta mbili, yaani ncha mbili kali zinazoishika kwenye vitundu vya mwisho wake. Upande wa chaki, usitumie senta ya kuchomeka uliyoikuta sandukuni. Funga kipande cha chuma laini cha milimita 25 au 30, weka slaidi ndogo (ile ya juu inayobeba kisu) kwenye nyuzi 30, kichonge kiwe ncha ya nyuzi 60 hapohapo kwenye chaki. Ncha hiyo haiwezi kutoka senta kwa sababu imezaliwa na mzunguko wa mashine yako, hata chaki ikiwa mbovu. Ukiifungua tu, imepoteza sifa. Kesho ukiirudisha ipitishe kisu tena kidogo. Shafti inakaa kati ya ncha hiyo na senta ya nyuma, na inazungushwa kwa kishikio kilichobanwa juu yake kinachosukumwa na taya la chaki. Sasa unaweza kuitoa, kuigeuza, kuipeleka kupimwa kwenye beringi na kuirudisha mara kumi, na vipenyo vyote vitabaki na katikati moja. Unapogeuza, kishikio kitabana upande uliokwisha kuchongwa, kwa hiyo weka kipande cha bati la shaba usiuumize.

Uaminifu wote wa njia hii uko kwenye vitundu viwili vya senta vilivyo kwenye ncha za shafti. Shafti kuukuu kwa kawaida bado inavyo tangu ilipotengenezwa; vimejaa grisi iliyoganda, kutu, wakati mwingine tone la welding. Visafishe kwa mafuta ya taa na kijiti, kisha vichunguze kwa tochi. Punje moja ya mchanga, na mchanga wa Tabora hauna adabu, unaingia hata kwenye sanduku lililofungwa, inasukuma shafti pembeni na utachonga kosa ukidhani unaliondoa. Kama kitundu kimepondwa kwa nyundo na mtu aliyekuwa anatoa puli, kitoboe upya, lakini shafti ikiwa imewekwa senta kwa geji kwenye sehemu isiyolika, si kwa kukadiria kwa macho. Na senta ya nyuma inayozunguka, ile yenye beringi ndani, ipime pia. Ikicheza 0.03, hizo 0.03 zinaingia kwenye kazi. Bora senta iliyosimama na grisi nyingi, uende taratibu.

Kuna kitu huchanganywa hapa. Senta ya nyuma ikiwa imehama pembeni kidogo, shafti inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Hilo ni kosa, na linaondolewa kwa kuchonga kipande cha majaribio cha milimita 200, kupima ncha zote mbili na kuisogeza senta ya nyuma kwa nusu ya tofauti. Lakini shafti hiyo nyembamba-nene bado iko kati kwa kati. Usianze kuhangaika na chaki kutafuta kosa ambalo halipo.

Kazi fupi, au ile isiyo na vitundu vya senta, inakwenda kwenye chaki ya mataya manne yanayotembea kila moja peke yake. Wengi huikwepa kwa kuiona inachelewesha, ila ukiizoea ni dakika tano. Andika namba 1 hadi 4 kwenye mataya. Shika kazi kwa kukadiria, weka geji, zungusha kwa mkono. Shughulika na jozi moja tu: 1 na 3. Tuseme taya 1 likiwa mbele ya geji linasomeka 0.40 na taya 3 linasomeka 0.10. Tofauti ni 0.30, nusu yake 0.15. Kazi imeegemea upande wa 1, kwa hiyo legeza 3 kidogo, kaza 1 mpaka mshale urudi kutoka 0.40 hadi 0.25. Kisha nenda 2 na 4, ufanye vivyo hivyo. Rudi kwenye 1 na 3. Kwenye alama mbili tatu za mwisho usilegeze tena chochote: kaza tu lile lililo upande wa juu. Kufikia usomaji wa 0.02 si jambo la ajabu.

Halafu sogeza geji milimita 100 au 150 mbali na chaki na upime tena. Karibu na chaki ni sawa, mbali inacheza? Basi kazi imeinama ndani ya mataya. Usiguse mataya, igonge ile ncha ya mbali kwa nyundo ya shaba, kisha rudi upime karibu na chaki, maana kugonga kunaharibu kidogo ulichorekebisha. Mara mbili tatu za kwenda na kurudi zinatosha. Isipokubali kabisa, umerudi kwenye kupinda.

Mwenye chaki ya mataya matatu peke yake anaweza kuweka kipande cha bati jembamba chini ya taya moja. Ajue tu kwamba bati la 0.10 haliisogezi kazi kwa 0.10 bali kwa thuluthi mbili zake, karibu 0.07, kwa sababu mataya yote matatu yanafunga pamoja. Kwenye geji mabadiliko yataonekana 0.13. Karatasi inafaa kwa dharura, ila inapondeka ukikaza.

Kiti cha beringi kikishalika, kwa kawaida kinajazwa kwa welding kisha kinachongwa. Ni njia halali, ila ndiyo inayozaa shafti zilizopinda kuliko kitu kingine. Kwanza chonga kiti kipungue kama milimita 2 kwenye kipenyo ili kutoa grisi na chuma kilichochoka. Pasha moto shafti. Kisha jaza mistari ya urefu kwa kupishana: mmoja juu, unaofuata chini yake kabisa, kisha kushoto, kisha kulia. Anayejaza upande mmoja mpaka amalize ndipo ahamie mwingine anaivuta shafti kama upinde, maana welding ikipoa inajikunja. Acha ziada ya milimita 2 au 3. Ikiisha, ifukie kwenye majivu makavu mpaka kesho yake. Maji hapana, hata kama mteja amekaa kwenye benchi anatazama saa. Shafti nyingi za kusaga ni chuma chenye kaboni ya kutosha kugeuka kigumu kama tupa kikipozwa ghafla, na kisu kikifika kwenye doa gumu kinasukumwa nyuma, kikitoka kinazama. Unapata kilima palepale, na geji itakuambia. Ukiona tupa inateleza badala ya kula, umeshaharibu. Pasha moto tena na upoze taratibu.

Baada ya welding, pima upindo kwanza. Nyoosha. Ndipo uchonge, ukimalizia na mkato mwepesi wa 0.1 hadi 0.2 kwa kisu kikali, na upitishe tena palepale bila kuongeza kina ili kile kilichokuwa kimejikunja kwa msukumo wa kisu kitolewe. Umeme ukikatika katikati ya mkato, rudisha kisu nyuma kabla haujarudi. Kisu kilichozama kwenye kazi iliyosimama, mashine ikija kuanza ghafla, kinaweza kuihamisha shafti nzima.

Vipimo vya mwisho pima shafti ikiwa imepoa. Shafti ya milimita 40 iliyo na joto la nyuzi 30 zaidi ya hewa imevimba kwa karibu 0.014, na kwa beringi hizo ni nyingi. Beringi ya kugonga kama 6208, yenye tundu la 40, inataka shafti kati ya 40.002 na 40.018. Beringi ya UCP 208, ya tundu hilohilo lakini inayoteleza na kubanwa kwa skrubu, inataka 39.975 hadi 40.000. Chini ya hapo skrubu inaisukuma shafti upande mmoja wa tundu, na umetoka senta tena bila kisu kugusa chochote.

Ndipo tunafika kwenye kopo la soda. Kiti kimelegea, fundi anakata kipande cha kopo, anakizungushia shafti, beringi inakaza. Ukuta wa kopo ni karibu milimita 0.1. Pale ncha mbili zinapopandana ni 0.2; zisipofika kuna pengo. Rudi kwenye hesabu ya kilo 20 uone ulichofunga. Kupiga nukta kwa panchi kuzunguka shafti ni ndugu yake huyo: beringi inakaa juu ya vilele vya nukta, vilele vinapondeka bila kulingana, na ndani ya wiki imelegea zaidi ya mwanzo.

Puli nayo ina mambo yake. Tundu lake lisitobolewe kwa drili hadi kipimo cha mwisho, kwa sababu drili hufuata njia ya chuma laini na kuhama. Toboa dogo, kisha litanue kwa kisu cha ndani, na mfereji wa mkanda uchongwe papo hapo, kazi haijafunguliwa. Tundu likizidi shafti kwa 0.2, skrubu ya kubana inaivuta puli yote upande mmoja: imetoka 0.1, geji itasoma 0.2. Kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja, nayo iguse pembeni tu. Juu yake pabaki nafasi ndogo. Kii ndefu inayokaza kwa juu inainua puli kama kabari, na mwenye mashine atakusifu kwa kuwa "imekaza kweli".

Sisi huruhusu shafti iondoke ikiwa geji inasoma si zaidi ya 0.02 kwenye viti vya beringi, 0.05 kwenye madiski na 0.10 kwenye mfereji wa puli. Nyundo zipimwe kwa mzani na zipangwe zinazolingana zikitazamana. Ukibadilisha moja iliyovunjika, badilisha na ile ya upande wa pili, la sivyo senta uliyoitafuta siku nzima haitasaidia kitu.

Halafu kuna safari. Shafti iliyochongwa vizuri ikitupwa kwenye buti ya basi chini ya magunia, ikaruka matuta hadi Kaliua, inafika imepinda. Ifunge kwa mipira ya tyubu juu ya ubao mnene uliozidi urefu wake, viti vya beringi vipakwe grisi na kuviringishiwa kitambaa, na mwenye mashine ashauriwe aizungushe kwa mkono ikiwa kwenye beringi zake, ncha ya bisibisi ikiwa imeshikwa karibu na puli, aone kama mwanga uliopo kati yake na puli unabaki uleule kabla hajaweka mkanda.